Mkono wa Haji Siyad

Jamaa zangu wa Garissa, na nyinyi wa Wajir na Mandera mnaopita hapa mkielekea Nairobi, kaeni niwaambie jambo, na msinikatize. Nimekaa nalo kifuani mpaka limenichosha. Kila nikipita kwenye ofisi ya mtu, au duka, au gereji hapa mjini, naona mambo ni yale yale, utadhani hakuna aliyeumia. Mimi ni Madino, muuza chai. Kibanda changu kiko mlangoni mwa yadi ya malori ya Haji Siyad, kwa hivyo haya sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwepo, na birika langu mkononi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, kabla ya ile mvua ya El Niño kutumiminikia. Asubuhi yenyewe ilikuwa njema, ya kumshukuru Mungu. Yadi ilikuwa imefagiliwa na kunyunyizwa maji, vumbi limetulia. Wapakiaji walikuwa juu ya lori, mmoja anaimba, wenzake wanamwambia anyamaze maana sauti yake itafukuza abiria. Isse, mtoto wa kiume wa pekee wa Haji Siyad, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza siku zake za harusi. Alikuwa amemwoa Ilhan, msichana wa Sangailu, huko Ijara, na furaha ilikuwa imemjaa mpaka alikuwa akimsalimia mtu, anasahau, anamsalimia tena. Mama yake, Kaltun, alikuwa ametuletea anjera, ile mikate yetu myembamba, na samli tule sote. Isse akasimama kwenye kibanda changu kunitania kwamba tangu aoe, chai yangu imepungua sukari. Nikamwambia sukari ni ile ile, ila yeye ameonja asali huko nyumbani. Watu wakacheka. Yeye ndiye aliyekuwa dereva wa lori lile, na ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba ile, kwa sababu baba alikuwa anazeeka na dada zake wote walikuwa wameolewa mbali.

Sasa nije kwa huyo baba.

Haji Siyad hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo mapema, msije mkasema Madino anamsema mtu kwa chuki. Alikuwa mtu wa swala tano. Mshahara wa mfanyakazi hakuuchelewesha. Mgeni akifika kwake halali na njaa. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, nao ndio uliomla: hakusema. Alikuwa na imani kwamba mkubwa akiongea sana na watu wake anakuwa rahisi, watamzoea, watampanda kichwani. Kwa hivyo pale yadini alizungumza kwa uso na kwa mkono. Akikuinulia kidevu, maana yake njoo. Akikuinulia kidevu tena, maana yake nenda. Na Mungu akusaidie usichanganye, maana hatarudia.

Halafu kulikuwa na ule mkono. Sisi Wasomali tunaujua tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Unafungua kiganja, unakigeuza upesi upesi, juu chini, juu chini. Maana yake hakuna, hamna kitu, yamekwisha. Ukiingia dukani ukauliza sukari, mwenye duka akageuza mkono hivyo, huna haja ya kuuliza tena, unakwenda duka la pili. Haji alikuwa akiutumia kutwa nzima. Na sisi wenyewe tuliotoka nao nyumbani tulikuwa tunamwelewa, walau mara nyingi.

Lakini nani alimwambia kwamba yadi ile ni ya Wasomali peke yao?

Fundi wake alikuwa Mkamba wa Mwingi, anaitwa Kimanzi. Alikuja na ujenzi wa barabara, kama walivyokuja wengi, akakaa. Fundi hodari, mpole, halewi, hana maneno na mtu. Kasoro yake ilikuwa woga. Na woga huo hakuzaliwa nao, wallahi, aliupatia pale pale. Siku moja alimfuata Haji barazani, mzee akiwa na wageni wake wafanyabiashara, akamwambia kwamba beringi ya gurudumu la nyuma imekufa na lori lisitoke. Kosa lake ni lipi hapo? Hakuna. Lakini Haji alimtazama kuanzia viatu, akapanda naye taratibu mpaka nywele, akafyonza, kisha akampa mgongo akaendelea na wageni. Beringi ilibadilishwa, ndiyo. Lakini kwa muda mrefu baadaye Kimanzi akitoa salamu, Haji anatazama ukuta.

Kimanzi alikuja kunywa chai kwangu. Akaniambia, "Mama, huyu mzee ukimletea habari mbaya, anaona ni wewe ndiye mbaya."

Nikamwambia aendelee kusema, kazi yake ndiyo hiyo. Akakubali kwa mdomo. Moyoni alikuwa amekwisha kujifunza, na tangu siku ile alimletea Haji habari nzuri tu. Mbaya aliitengeneza kimya kimya akiweza, na asipoweza alisubiri iulizwe. Na hakuwa peke yake. Karani alikuwa hivyo. Walinzi walikuwa hivyo. Asubuhi watu wazima na ndevu zao walikuwa wanakuja kuniuliza, "Madino, uso wa mzee leo ukoje?" Utasema wanauliza hali ya hewa. Mimi nilikuwa nakasirika. Nawauliza, mnafanya kazi na mtu au na uso? Wananicheka.

Hata nyumbani kwake ilikuwa hivyo hivyo. Kaltun aliniambia, na ni mtu wa miaka mingi katika ndoa, kwamba anajua chakula kimependwa kwa jinsi sahani inavyosukumwa. Ikisukumwa mbali, kuna neno. Ikiachwa karibu, salama. Neno lenyewe halisemwi. Isse alikua katika nyumba hiyo. Alimpenda baba yake sana, lakini kumuuliza jambo uso kwa uso ilikuwa kama kumvua kanzu hadharani.

Basi, ile asubuhi njema.

Wengine wenu mmesahau, na vijana hamkuijua, kwamba enzi zile gari halikwenda Wajir peke yake. Majambazi walikuwa njiani. Magari yalikusanyika kwenye kizuizi cha polisi, yakaondoka kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Msafara ukiondoka umekuacha, umekuachia jua na hasara. Kwa hivyo asubuhi ya msafara kila mtu alikuwa roho juu.

Lori lile lilikuwa limerudi jana yake likiendeshwa na dereva wa badala, kwa vile Isse alikuwa kwenye harusi yake. Huyo badala alimwambia Kimanzi kwamba usukani unacheza, akachukua begi lake akaenda zake. Kimanzi akaingia chini ya lori alfajiri ile. Akakuta kiungo kimoja cha fimbo inayogeuza magurudumu ya mbele kimelika, kinazunguka ovyo ndani ya tundu lake. Kilitakiwa kubadilishwa. Kiungo kipya kilikuwepo mjini kwenye duka la spea, lakini duka lenyewe lilikuwa halijafunguliwa. Kulisubiri ni kuukosa msafara. Akakikaza alivyoweza, akakifunga na waya, na moyo haukutulia. Alijua wa kuamua si yeye. Wa kuamua ni Haji.

Wakati huo lori lilikuwa limekwisha kujaa, unga na mafuta ya kupikia vya watu wa Rhamu, kule Mandera, na abiria juu ya mzigo, kina mama na mabuli yao na watoto. Injini ilikuwa inanguruma kupasha moto. Haji alikuwa barazani na wafanyabiashara wawili wa Rhamu, wenye mzigo. Kimanzi akatoka chini ya lori, akasimama, akamtazama. Nilimwona akipiga hatua moja kwenda barazani. Akawaona wale wageni. Akasimama.

Haji naye akamwona. Akamwinulia kidevu kwa mbali: vipi, kuna kitu?

Kimanzi akainua mkono wake uliojaa grisi, akautikisa, kiganja juu kiganja chini.

Haji akashusha kidevu, kama mtu aliyeridhika, akawageukia wageni wake. Kimanzi akasimama kidogo, akafuta mkono kwenye ovaroli, akaenda kukusanya spana zake.

Basi. Ndiyo hayo tu. Mimi nilikuwa namimina chai, nikaona yote, nikadhani ni yale yale ya kila siku. Kutoka barazani mpaka pale lori lilipo si mbali. Mtu angetembea na kikombe chake mkononi na chai isipoe. Hakutembea huyu, hakutembea yule.

Isse akapanda. Akamtazama baba yake, naye baba akamtikisia kichwa: nenda. Kimanzi akasogea dirishani akamwambia aende polepole. Isse akacheka. Akasema, "Fundi, mimi nimeoa juzi. Nikimbilie wapi?" Lori likatoka, tukaliombea dua.

Lilipinduka kabla ya kufika Habaswein, njia ya Wajir. Kile kiungo kiliachia, magurudumu ya mbele yakaenda kila moja na njia yake, lori likatoka barabarani likalala ubavu. Abiria wa juu walirushwa mchangani. Wapo waliovunjika mikono, yupo aliyeng'oka meno, lakini hakufa mtu, alhamdulillahi. Isse alibanwa ndani. Askari wa msafara na madereva wenzake walihangaika naye kwenye jua lile, mpaka wakamtoa. Alipelekwa hospitali, akahamishwa hospitali nyingine kubwa zaidi, na aliporudi kwetu mguu wa kulia ulikuwa umekatwa juu ya goti.

Ilhan alikuwa bado na hina mikononi. Nawaambia hivyo kwa sababu niliiona, alipokuwa anamshika mumewe kumshusha kwenye gari, na sikuweza kuangalia mara mbili. Kaltun hakulia mbele za watu. Alilia kwangu, nyuma ya kibanda, akiuma shuka yake isije sauti ikamtoka. Dereva asiye na mguu, jamani. Kijana ambaye kazi aliyoijua na kuipenda ni ile moja tu.

Haji Siyad alifanya nini? Alinyamaza zaidi. Alikaa kwenye kiti chake barazani, uso umefungwa kama duka siku ya mazishi. Na pale watu walipomuuliza ilikuwaje, akamnyooshea Kimanzi kidole. Kidole, si neno.

Maneno yakaenea kwamba fundi wa bara amemlemaza mtoto wa Haji. Kimanzi akawa hatoki chumbani kwake. Wapo vijana walioanza kumzungumzia vibaya, na mimi nilijua hayo mazungumzo yanakokwenda. Ndipo Mzee Mahat, mjomba wa Kaltun, mtu mkali asiyeogopa uso wa mtu yeyote, akasema kuketiwe kikao cha maslaha, wapatanishwe kabla damu haijamwagika. Wakaketi pale pale yadini, chini ya banda la mabati. Na kwa sababu Kimanzi alikuwa haelewi Kisomali cha wazee, Mahat akaamuru kila mtu aseme kwa Kiswahili, hata kama ni cha kuchechemea. Mimi niliitwa kwa ajili ya chai, nikabaki.

Mahat akamwambia Haji aanze.

"Mimi aliuliza yeye," Haji akasema, na sauti ilitoka ngumu kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Mimi aliuliza kama kuna shida. Yeye alisema hakuna. Mtoto yangu ilipanda gari sababu yeye alisema hakuna."

Kimanzi akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka bila haya. "Mzee, mimi nilikuambia. Nilikuambia kinacheza. Ukakubali, ukasema liende. Mimi ni nani nikukatalie gari lako?"

Zogo likatokea. Huyu anasema mwongo, yule anasema wallahi. Mahat akapiga bakora chini mpaka wakanyamaza. Akamuuliza Haji, "Alisema hakuna kwa maneno gani? Nipe maneno yake."

Haji akainua mkono wake, akaugeuza, juu chini, juu chini. Wazee wote wakatikisa vichwa. Kila mmoja pale alijua maana yake ni hakuna.

Mahat akamgeukia Kimanzi. "Na wewe ulimwambia kinacheza kwa maneno gani?"

Kimanzi akainua wake. Akautikisa, juu chini, juu chini, kama kitu kilicholegea, kisichokaa mahali pake. Kwao mkono huo ni kitu kinachoyumba. Ungemwonyesha Mkamba yeyote, angekwambia hicho kitu si kizima.

Ulikuwa mkono mmoja. Ule ule. Hakuna aliyesema uongo.

Mzee mmoja alianza kuujaribu mkono wake mwenyewe polepole pajani, kama anayeutazama kwa mara ya kwanza. Mahat hakuwa na huruma. Alikuwa amekasirika, na ninamheshimu mpaka leo kwa hasira ile.

Akasema, "Mtoto amekatwa mguu, na katika habari hii nzima hakuna hata neno moja lililosemwa. Siyad, ulikuwa na ulimi. Fundi, ulikuwa na miguu. Mlikuwa mnaogopa nini?"

Kimanzi akasema ukweli. Akasema aliwaona wageni barazani, akakumbuka ile siku ya beringi, akaona aibu na woga, akatumia mkono. "Ningeweza kutembea," akasema. "Hilo nitakufa nalo." Haji hakusema alichoogopa. Alitazama mabati.

Wakaamua kwamba hakuna wa kumdai mwenzake, na Kimanzi asiguswe. Yeye mwenyewe aliomba ruhusa arudi Mwingi, akapewa baraka. Kabla hajaondoka alimwendea Isse, akapiga magoti, wakashikana mikono muda mrefu wakizungumza kwa sauti ndogo. Hayo ya kwao yakaisha. Fundi mgeni aliweza. Baba mzazi je?

Isse alikuwa ameletwa kwenye kikao na kuwekwa kwenye kiti, mguu mmoja chini. Watu walipoanza kuinuka akasema, "Aabo, baba yangu, nina swali moja." Watu wakakaa tena. "Mimi nilipita mbele yako nikienda kupanda gari. Nilikuwa karibu kuliko fundi. Ulimwona fundi amesimama anakutazama; kwa nini hukuniambia hata nikague mwenyewe?"

Lilikuwa swali la mtoto. Halikuwa na matusi ndani yake. Alitaka kusikia sauti ya baba yake ikimwambia chochote: nilikosea, au pole mwanangu, au hata nyamaza. Haji Siyad akamtazama, midomo ikamcheza kidogo, halafu akageuza uso upande wa pili. Mimi nilikuwa nimekaa upande huo wa pili. Niliona macho yake yamejaa maji. Lakini Isse hakuyaona. Isse aliona mgongo.

Jamani, nisaidieni. Ni kitu gani kinachomfanya mtu aweze kulia asiweze kusema?

Kutoka siku hiyo nyumba ile iliharibika. Kaltun alimbembeleza mumewe kila siku, amwambie mtoto neno moja tu, hata kama ni la usiku mwema. Alimwambia maji hayajamwagika yote, bado kuna ya kuzoa. Haji alimjibu kwa kusukuma sahani. Kwake yeye baba hamwombi mtoto radhi, na kama mtoto ana akili atauona uchungu wa baba yake bila kuambiwa. Mwenye macho haambiwi tazama, si ndivyo tunavyosema? Nachukia jinsi methali hiyo inavyotumiwa na watu wavivu wa kusema. Isse alikuwa na macho, na alichokiona ni baba anayepita mbele ya mkeka wake bila kusimama. Akahesabu kwamba baba yake anamwonea haya kwa kuwa ni kilema. Ilhan naye akahesabu hivyo hivyo.

Mwishowe Isse akasema atakwenda Sangailu kwa wakwe zake. Kule kuna ng'ombe, kuna wakwe waliomtumia ujumbe kwa mdomo wa mtu kwamba mguu mmoja unatosha kukaa kivulini na kuhesabu mifugo, na kwamba wanamtaka. Wanamtaka! Neno hilo tu lilimtosha. Kwao kwenyewe hakuna aliyekuwa amemwambia.

Gari la kwenda upande wa Ijara lilisimama mbele ya kibanda changu. Wakampandisha mbele, Ilhan akakaa nyuma na mizigo yao. Kaltun alikuwa ameshika dirisha. Dereva alikuwa anaharakisha, anapiga honi, anataka kuwahi. Ndipo Haji Siyad akatoka yadini. Hakuvaa kilemba. Alitembea upesi, mpaka akafika dirishani, akamsogeza mke wake kando, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikasikia sauti yake ikipanda juu ya sauti ya injini.

"Isse. Nisamehe. Sikuuliza. Nisamehe, aabo."

Aabo, neno lile lile la baba, alimwita, kama baba wa Kisomali anavyomwita mtoto anayempenda. Isse akamtazama. Kichwa kikamsogea kidogo, mara moja, na gari likaondoka.

Haji alibaki amesimama barabarani, vumbi likamfunika na halikumsumbua. Kisha akaja kibandani kwangu, akaketi kwenye benchi la wapakiaji ambalo hakuwahi kulikalia.

"Madino," akasema, "wewe uliona. Kile kichwa, alikubali au alikataa?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa karibu kuliko yeye. Na sikujua. Ingeweza kuwa ndiyo, aabo, nimekusamehe. Ingeweza kuwa hapana, umechelewa. Ingeweza kuwa ni gari lilivyomtikisa tu lilipoingia gea.

Nikamwambia sijui. Nikamwambia kesho kuna gari lingine, apande, aende Sangailu, aketi mbele ya mwanawe amuulize. Nilisema kwa ukali, na sijutii. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo, atakwenda.

Kesho yake alikuja, akaketi, akaagiza chai. Gari la Ijara likasimama, likajaa, likaondoka. Yeye bado ameshika kikombe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku nyingi. Kila mgeni anayetoka upande ule anamsimamisha, anamwonyesha kwa kichwa chake mwenyewe jinsi mtoto alivyofanya, anauliza kwenu hii ni nini. Na watu wanamhurumia, kila mmoja anamwambia la kumfurahisha. Aliyetulazimisha miaka yote tuusome uso wake sasa anasoma kichwa kimoja, na hakimalizi.

FUNZO

Enyi mlio na watu chini yenu, wa duka, wa ofisi, wa gari, wa hospitali, nisikieni. Uso wako unasema kabla hujafungua mdomo. Mfanyakazi akikuletea habari mbaya ukamfyonza na kumpa mgongo, umempa amri: usiniletee tena. Naye atatii. Kisha siku jambo litakapokupasukia usiseme hukuambiwa; ulikataza mwenyewe, kwa jicho lako. Mtu akikujia na ubaya wa kazi, mgeuzie uso mzima, mwache amalize, na umwambie ahsante hata kama roho inakuuma.

Na nyinyi mnaofanya kazi chini ya wakubwa, woga ninauelewa, lakini jambo la uhai wa mtu halipelekwi kwa mkono kutoka mbali. Tembea. Litamke. Akikununia, atanuna, atapona. Mji huu tumechanganyika watu wa kila upande, na mkono wako si lazima uwe mkono wa mwenzako. Macho aliyoinamisha yanaweza kuwa heshima, kimya chake kinaweza kuwa hofu, na kichwa alichotikisa huenda hakijakubali lolote. Ukiona ishara na kazi ni ya hatari, sema kwa maneno ulichoelewa, umuulize kama ndicho alichokusudia. Kuuliza si ujinga.

La mwisho ni la majumbani, kwa sababu haya hatuyaachi kazini, tunarudi nayo. Kama una mtoto, au mke, au mume, au ndugu ambaye unampenda na unadhani anajua, mwambie leo kabla hajapanda gari.